Digoksini nyumbani: kumeza dawa ya mapigo ya moyo bila kuumizwa nayo

Mama alianza kwa kukataa ugali wa muhogo. Kesho yake akakataa hata chai. Siku ya tatu akatapika, akasema mwili umemwishia nguvu, na sisi hapa nyumbani Arua tukatamka neno ambalo kila nyumba ya Uganda hulitamka kwanza: malaria. Tukampeleka kliniki iliyo karibu. Hakutobolewa kidole. Alitundikiwa dripu ya kwinini, tukarudi naye jioni. Usiku nilipomshika mkono nilihesabu mapigo 42 kwa dakika nzima, na moyo wake ulizoea kupiga 70 na kitu.

Hakuwa na malaria. Dawa yake ya moyo ilikuwa imemzidi mwilini, na kwinini ikaipandisha zaidi. Alilazwa hospitali kubwa siku tano, akipimwa umeme wa moyo asubuhi na jioni, akapona. Tangu hapo nimewasumbua madaktari, wauguzi na wafamasia kwa maswali, na haya ninayoandika ndiyo tunayoyafuata nyumbani. Nayaandika kwa ajili ya yeyote anayetoka kliniki ya moyo na bahasha ya vidonge hivi mkononi, na kwa ajili ya mtoto, mke au mume atakayekaa naye.

Nazungumzia digoksini peke yake, ile ambayo kwenye pakiti huandikwa Digoxin, au Lanoxin kwa jina la biashara. Dawa nyingine za mapigo ya moyo, kama amiodaroni, propranololi na verapamili, zina kanuni zake. Na dozi hupangwa na daktari aliyekupima, hapa hutaikuta.

Inachofanya, na isichofanya

Wengi wanaopewa digoksini kwa ajili ya mapigo wana fibrilesheni ya atria. Kwenye daftari la hospitali daktari huandika AF. Vyumba viwili vya juu vya moyo hutetemeka badala ya kubana, na ishara za umeme hushuka kwenda vyumba vya chini ovyo ovyo, mara nyingi kwa kasi. Moyo unakimbia, haupati muda wa kujaa damu, na mtu anaanza kuhema akipanda kilima kidogo tu. Sababu ni nyingi: presha ya muda mrefu, uzee, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Kwetu Uganda kuna nyingine inayowakamata hata vijana, nayo ni vali za moyo zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, ambayo huanza na maambukizi ya koo utotoni. Ya Mama ilikuwa hiyo.

Digoksini hupunguza ishara zinazopita kutoka juu kwenda chini, na huupa moyo nguvu kidogo ya kubana. Mtetemeko wenyewe haiuondoi. Ndiyo maana mapigo yanaweza kubaki bila mpangilio hata dawa ikifanya kazi vizuri. Linalotakiwa kushuka ni idadi yake. Pia haizuii damu kuganda ndani ya vile vyumba vinavyotetemeka. Kazi hiyo ni ya warfarini au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo aliyeandikiwa zote mbili asiache moja akidhani nyingine inatosha. Bonge la damu likichomoka moyoni likafika kwenye ubongo, hicho ni kiharusi.

Yafaa kujua ilikotoka. Mwaka 1785 daktari Mwingereza William Withering alichapisha aliyoyaona kwa miaka kumi akitibu watu kwa majani ya mmea wa digitalisi. Aliandika kwamba dozi ikizidi, mgonjwa hutapika, huharisha, hushikwa na kizunguzungu, huona vitu kwa rangi ya kijani au njano, na mapigo hushuka hata kufikia 35 kwa dakika. Zaidi ya miaka 200 imepita, na orodha hiyo ndiyo ile ile ambayo muuguzi alinisomea kando ya kitanda cha Mama.

Kinachoifanya dawa hii iwe ya kuchungwa ni kwamba kiasi kinachotibu kimekaa karibu sana na kiasi kinachodhuru. Tena inatoka mwilini polepole, sehemu kubwa kwa njia ya mkojo. Kwa mwenye figo nzima huchukua siku moja na nusu hadi mbili ipungue nusu. Kwa mwenye figo dhaifu, siku kadhaa. Ukibadilishiwa dozi leo, mwili unahitaji karibu wiki nzima kutulia kwenye kiwango kipya. Kosa dogo la kila siku nalo hujilimbikiza kimya kimya. Mama alikuwa amemeza kidonge kizima mahali pa nusu kwa wiki mbili kabla hajakataa ugali.

Hatua ya 1: Usiondoke kwenye dirisha la dawa kabla hujasoma

Hilo la kidonge kizima lilitokea hivi. Mama alizoea vidonge vya mikrogramu 125, kimoja kwa siku. Mwezi mmoja vya aina hiyo vikakosekana, tukapewa vya 250 na kuelezwa haraka haraka kwamba akate nusu. Maandishi ya bahasha yalikuwa yamefifia. Aliyepokea dawa alikuwa mdogo wangu, aliyemeza ni Mama, na neno la nusu likabaki njiani.

Kwa hiyo soma nguvu ya kidonge kila unapopokea, hata kama ni mara ya hamsini. Vidonge vya digoksini huja kwa mikrogramu 62.5, 125 au 250. Pakiti nyingine huandika nguvu hizo hizo kwa miligramu: 0.0625, 0.125 na 0.25. Ni kitu kile kile, lakini nukta ikirukwa na macho, dozi inaharibika. Soma namba kwa sauti mbele ya anayekupa, kisha uliza: hii ni sawa na ya mwezi uliopita? Kidonge kikibadilika rangi, ukubwa au kiwanda, uliza pia, maana digoksini ya kiwanda kimoja inaweza kuingia mwilini tofauti kidogo na ya kingine. Ukiweza kukaa na kiwanda kimoja, kaa nacho.

Kwetu bahasha huandikwa 1x1, 1x2, 1x3: namba ya kwanza ni vidonge, ya pili ni mara ngapi kwa siku. Tumezoea 1x3 ya antibiotiki kiasi kwamba jicho huiona hata isipokuwepo. Digoksini ya kila siku kwa mtu mzima kwa kawaida humezwa mara moja. Ukiona namba ya pili ni 3, piga simu kliniki kabla ya kumeza. Mkubaliane pia kuhusu saa. Saa mbili ya Mama ni asubuhi baada ya chai. Kwenye karatasi iliyoandikwa kwa Kiingereza namba 2 ni mchana.

Omba vidonge vibaki kwenye pakiti yake yenye jina, nguvu na tarehe ya mwisho wa matumizi. Vidonge vyeupe vilivyomwagwa kwenye bahasha ya kaki havimwambii mtu kitu siku ya dharura. Na ununue famasia yenye mfamasia na leseni ya NDA, yaani mamlaka ya taifa ya dawa, ukutani. Digoksini ni dawa ya kuandikiwa na daktari, kwa hiyo anayekuuzia bila kuuliza karatasi hajakufanyia wema. Vidonge vilivyopigwa muhuri wa Serikali ya Uganda kwamba haviuzwi hutolewa bure katika vituo vya umma. Ukivikuta dukani, usinunue, maana hujui vilikopita wala vilihifadhiwa vipi.

Hatua ya 2: Hesabu mapigo kabla ya kumeza

Hii ndiyo hatua niliyoichukulia kwa wepesi, na ndiyo iliyomwokoa Mama. Haihitaji mashine. Inahitaji vidole viwili na kitu kinachohesabu sekunde, hata simu ya tochi.

Mgonjwa akae, apumzike dakika tano au kumi. Asiwe ametoka kuchota maji au kupanda ngazi. Geuza kiganja chake kitazame juu. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, kwenye kibonde kilicho kati ya mfupa na mishipa migumu. Usitumie dole gumba lako, maana lina mapigo yake na utajihesabu mwenyewe. Bonyeza taratibu, ukikandamiza sana mshipa unaziba.

Sasa hesabu dakika nzima, sekunde zote 60. Kuna wanaohesabu sekunde 15 na kuzidisha mara nne. Kwa moyo wa kawaida hilo linapita. Kwa moyo wenye AF halifai kabisa: robo moja ya dakika mapigo hujazana, robo inayofuata yanasitasita, na hesabu yako inakuwa ya kubahatisha. Mashine za presha nazo huonyesha mapigo, lakini nyingi hubabaika moyo usipokuwa na mpangilio. Tumia vidole. Ujue pia kwamba baadhi ya mapigo ya AF huwa dhaifu mno kufika mkononi. Ndiyo maana kliniki, muuguzi husikiliza kifua huku akishika mkono, na namba zake huweza kuwa juu kuliko zako.

Andika kwenye daftari tarehe, saa, namba, na neno moja kuhusu hali ya siku hiyo. Daftari letu ni lile lile la shule la kurasa 96 ambalo wengi wetu hulitumia kama faili la hospitali. Juu ya jalada nimeandika kwa herufi kubwa jina la dawa, nguvu yake, dozi, na dawa nyingine zote. Jina la dawa limeandikwa kama lilivyo kwenye pakiti, kwa sababu atakayelisoma siku ya hatari ni mtu wa zamu ambaye hatujui.

Mpaka ambao kliniki nyingi huwapa watu wazima ni mapigo 60. Muulize daktari wako wa kwako ni upi na uuandike. Kwa watoto namba ni tofauti kabisa. Mapigo yakiwa chini ya mpaka, usimeze. Pumzika, hesabu tena baada ya muda. Yakibaki chini, dozi hiyo iache na upige simu kliniki siku hiyo hiyo. Kama kuna kuzirai, kizunguzungu kikali, maumivu ya kifua au kukosa pumzi, usipige simu kwanza, nenda.

Mapigo yakiwa juu sana ukiwa umepumzika, yaani zaidi ya 100 au 110 na hayashuki, usiongeze kidonge. Kuzidi kwa digoksini kwenyewe kunaweza kuukimbiza moyo, na homa, upungufu wa damu au maji pia. Apimwe.

Jambo moja zaidi, ambalo sikulijua na ambalo daktari alinieleza taratibu mara mbili. Mtu mwenye AF, ambaye mapigo yake yalikuwa ovyo miaka yote, yakigeuka kuwa ya mpangilio na ya polepole, usishangilie kwamba amepona. Inaweza kuwa dawa imezidi, ikafunga kabisa njia ya umeme kati ya juu na chini. Akapimwe umeme wa moyo siku hiyo.

Hatua ya 3: Saa moja, kila siku

Chagua saa na uishike. Sisi ni baada ya kuhesabu mapigo asubuhi. Kabla au baada ya chakula si tatizo, ila vyakula vyenye pumba nyingi na vidonge vya kutafuna vya tindikali ya tumbo hupunguza dawa inayoingia mwilini, kwa hiyo viachane na digoksini kwa angalau masaa mawili.

Ukisahau na ukakumbuka kabla ya nusu siku kupita, meza. Nusu siku ikipita, iache hiyo na umeze ya kesho kwa saa yake. Usimeze mbili kufidia. Ukimeza kisha ukatapika, usimeze kingine. Na usiache dawa ghafla kwa sababu umejisikia vizuri: unajisikia vizuri kwa kuwa unaimeza.

Kwa ndugu zetu Waislamu, hapa Arua, Bombo na kwingineko: dawa ya mara moja kwa siku huweza kuhamishwa hadi futari au daku, lakini zungumza na daktari kabla ya mwezi kuandama. Tatizo kubwa haliko kwenye digoksini yenyewe. Liko kwenye vidonge vya kukojoza, vinavyoandikwa pamoja nayo mara nyingi. Mtu anakojoa maji na chumvi, kisha anashinda kutwa bila kunywa kwenye jua kali, figo zinakauka na digoksini inapanda. Mgonjwa ana ruhusa ya kutofunga, na daktari akimwambia asifunge, familia imsaidie kulikubali hilo kwa moyo mweupe.

Hatua ya 4: Zitambue dalili kabla hazijaitwa malaria

Hapa ndipo tulipoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Dalili za mwanzo za digoksini kuzidi ni za tumbo na za uchovu: kukosa hamu ya kula, kichefuchefu, kutapika, kuharisha, udhaifu usioelezeka. Zitazame vizuri. Ndizo hizo hizo ambazo kwetu mtu akizitaja, jirani anamwambia akanunue dawa ya malaria. Mzee anaweza asitapike kabisa. Anaanza tu kuchanganyikiwa, kusahau siku, kuongea visivyoeleweka usiku, na watu wakasema ni uzee. Wengine huona ukungu, au vitu vina rangi ya njano au kijani, au taa imezungukwa na duara la mwanga. Mama alisema taa ya sola ina vumbi. Nilikwenda kuifuta. Haikuwa na vumbi.

Sheria yetu sasa ni hii: anayemeza digoksini akikataa chakula kwa siku moja bila sababu inayojulikana, kwanza tunahesabu mapigo, pili hatumpi kidonge kinachofuata mpaka tuzungumze na kliniki, tatu apimwe malaria kwa kipimo. Yote matatu. Malaria ipo na inaua, na mgonjwa wa moyo anaweza kuipata kama mwingine yeyote. Lakini kipimo cha haraka cha kidole huchukua dakika 15 au 20. Hakuna sababu ya kubahatisha. Na kipimo kikionyesha malaria, bado mapigo yahesabiwe, maana homa na kutapika hukausha mwili, figo hulegea, na digoksini hupanda kwa mlango huo.

Hatua ya 5: Kila mara useme kabla hujapewa

Kuna sentensi nimewafundisha watu wote nyumbani, hata mtoto wa darasa la tano, waiseme dirishani kabla ya musawo, yaani mhudumu wa afya, kufungua kopo lolote: "Anatumia digoksini kila siku kwa ajili ya moyo. Tafadhali angalia kama dawa hii inapatana nayo." Ukiisema baada ya kulipa, umechelewa.

Kwinini hupandisha kiwango cha digoksini kwenye damu. Siku hizi malaria kali Uganda hutibiwa kwanza kwa sindano ya artesuneti, ila kwinini bado ipo na bado hutundikwa. Ikilazimu kutumika, daktari ajue, apunguze digoksini na achunge moyo. Vidonge vya kawaida vya malaria, vile vya artemetha na lumefantrini ambavyo wengi huviita Coartem, vina onyo lake kwa watu wenye matatizo ya mapigo au upungufu wa potasiamu, moja ya chumvi za mwilini. Hilo halimaanishi malaria iachwe bila kutibiwa. Linamaanisha mtibabu achague akijua.

Antibiotiki mbili zinazouzwa sana, erithromaisini na klarithromaisini, huipandisha pia. Amiodaroni na verapamili huipandisha sana, na mara nyingi daktari wa moyo akizianzisha hupunguza digoksini. Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za virusi vya ukimwi, huipandisha. Mwambie daktari wa moyo na wa kliniki ya ARV, hata kama unaona taabu kulisema. Siri hiyo wanaifunga wao.

Dawa za kifua kikuu zina rifampisini, nayo hufanya kinyume: huishusha digoksini, na moyo huanza kukimbia tena. Daktari anaweza kuongeza dozi. Hatari huja miezi sita baadaye, siku dawa za kifua kikuu zinapokwisha na watu wanasherehekea. Rifampisini ikitoka, digoksini ile iliyoongezwa inabaki bila kizuizi na kupanda ndani ya wiki chache. Andikeni tarehe ya kumaliza dawa za kifua kikuu kwenye daftari la moyo.

Diklofenaki na ibuprofeni, zinazomezwa kwa kila maumivu ya mgongo, zinaweza kuumiza figo na kuufanya mwili ushikilie maji. Kwa maumivu madogo omba parasetamoli. Ikiwa unatumia warfarini pia, dawa hizo hizo za diklofenaki na ibuprofeni huleta hatari ya kutoka damu.

Na miti shamba. Sitamkemea mtu, sote tumekunywa. Lakini dawa ya chupa isiyo na jina haiwezi kulinganishwa na kitu chochote na mfamasia yeyote. Kuna mimea ambayo ndani yake ina kemikali za jamii moja na digoksini. Mmoja ni ule mti mdogo wa mapambo wenye maua ya njano kama tarumbeta na majani membamba marefu, unaopandwa kama ua wa nyumba. Mbegu zake ni sumu ya moyo. Mwenye kumeza digoksini akinywa mchanganyiko wenye mmea wa jinsi hiyo, anajiongezea dozi bila kipimo.

Hatua ya 6: Chunga maji na potasiamu

Digoksini na potasiamu hugombea sehemu moja kwenye chembe za moyo. Potasiamu ikipungua, digoksini inapata nafasi zaidi, na dozi iliyokuwa salama inakuwa sumu ingawa hukuongeza kidonge. Magnesiamu ikipungua hali ni hiyo hiyo. Vinavyoipunguza potasiamu ni kuharisha, kutapika, na vidonge vya kukojoza kama furosemidi, ambayo wengi tunaiita Lasix.

Ukiharisha au kutapika zaidi ya mara mbili tatu kwa siku, usisubiri ipite. Piga simu, uliza kuhusu digoksini na kuhusu Lasix, anza maji ya ORS kwa kiasi ulichoruhusiwa na daktari wa moyo. Misuli ikikaza usiku au miguu ikawa mizito, litaje.

Chakula chetu kina potasiamu nyingi: matoke, ndizi mbivu, maharage, parachichi, viazi. Kwa wengi hilo ni jema. Lakini mwenye figo mbovu, au anayemeza spironolaktoni, kidonge cha kukojoza kinachobakiza potasiamu mwilini, asijiongezee kwa sifa za watu. Kwake potasiamu inaweza kupita kiasi, nayo huweza kuusimamisha moyo. Kwake chakula kipangwe na kliniki, kufuatana na kipimo cha damu.

Hatua ya 7: Vipimo na safari

Vipimo vinavyotakiwa mara kwa mara ni vya figo, potasiamu na umeme wa moyo. Kiwango cha digoksini chenyewe hupimwa pale daktari anapokuwa na shaka. Hapo kuna jambo ambalo watu wengi hawaambiwi: damu ichukuliwe baada ya angalau masaa sita tangu kidonge kilipomezwa. Ikichukuliwa mapema, namba itakuwa kubwa ya uongo na dozi itapunguzwa bure. Kwa hiyo siku ya kipimo, hesabu mapigo asubuhi, beba kidonge mfukoni, umeze baada ya kutoa damu. Au mwambie mtu wa maabara saa kamili uliyomeza.

Kutoka Arua tunasafiri usiku kucha kwa basi hadi Kampala, kisha boda hadi Mulago, ilipo Taasisi ya Moyo ya Uganda. Wanaotumia Lasix wanajua shida ya safari hii: basi halisimami kila unapotaka. Wengi huiruka Lasix kimya kimya, na Mama aliwahi kufanya hivyo mpaka miguu ikavimba. Muulize daktari mapema aihamishe saa. Kuhusu digoksini, weka vidonge kwenye mkoba unaokaa nao, kamwe visiwe kwenye mzigo wa chini ya basi, na ubebe vya siku tano zaidi ya safari.

Usisubiri kidonge cha mwisho. Vikibaki vya siku kumi, anza kutafuta. Hospitali inaweza kuishiwa, na ukikimbizwa na upungufu ndipo unapokubali chochote unachopewa, hata cha nguvu nyingine. Sisi ndivyo tulivyokubali vile vya 250.

Nyumbani, viweke pakavu, mbali na joto la jiko na jua la dirishani, na juu kabisa. Vidonge vichache tu vinaweza kumuua mtoto mdogo. Wala usimgawie jirani anayesema moyo unamwenda mbio: kuna aina za hitilafu za mapigo ambazo digoksini huzifanya kuwa za hatari zaidi, na huwezi kuzijua bila kipimo cha umeme wa moyo. Mwanamke akipata mimba asiiache mwenyewe. Amweleze daktari mapema, kwa sababu mwili unavyobadilika na dozi huangaliwa upya.

Siku ya kukimbia

Mtoto akimeza vidonge, mpeleke hospitali hata kama anacheza. Dalili zinaweza kuchelewa kwa masaa. Usimtapishe, wala usipoteze muda kutafuta maziwa. Kwa mtu mzima, kimbia ukiona amezirai, mapigo yamekuwa chini sana na yeye amelegea, haelewi anachoambiwa, anatapika bila kukoma, au amemeza vidonge vingi kwa kosa au kwa makusudi. Kama ni makusudi, liseme hilo bila kumwonea aibu, na usimwache peke yake.

Beba pakiti yenyewe, hata ikiwa tupu. Beba daftari la mapigo. Ukifika, usianze na habari ya tumbo, maana utapangwa kwenye foleni ya tumbo. Anza hivi: "Anatumia digoksini, mapigo yake ni arobaini na mbili, kidonge cha mwisho alimeza jana saa mbili asubuhi."